Siku Nilipofika Bandarini Nikiwa Marehemu

Wacha nikiri mwenyewe, maana nikinyamaza kuna watu hapa Kakamega watawasimulia vibaya zaidi: mimi nimewahi kuombolezwa nikiwa hai, na aliyesababisha ni mimi.

Dadangu Rosa, muuguzi huko ng'ambo, alimlipia Mama safari ya meli ya kitalii kutoka Mombasa hadi Zanzibar na kurudi, na mimi nikawekwa msindikizaji (Mama ana miaka sabini na miwili, amelima miwa Mumias maisha yake yote, na maji mengi zaidi aliyowahi kuvuka ni ya Mto Nzoia). Wenye meli wakatuma fomu: tuwachukue uwanja wa ndege kwa basi letu, ama mtajitafutia usafiri? Mtu mwenye akili angechagua basi. Mimi nikaweka alama kwa kujitafutia, kwa sababu nina binamu Mombasa, Shikuku, ni dereva, na nilikuwa nimeshawatangazia wenzangu ofisini kwamba mimi sipangwi kwa basi kama mtoto wa nasari.

Tukashuka Mombasa saa sita mchana, Mama amevaa gauni lake jeusi la kanisa, leso iko puani kwa sababu ya mafua. Shikuku akatupokea vizuri, akabeba mizigo, tukamfuata hadi kwa gari refu jeupe lenye msalaba ubavuni na mapazia ya zambarau. Mama akasimama.

"Shikuku, hii gari ni ya nini?"

"Ni ya kubeba maiti, Senje," akasema (senje ni shangazi kwetu). "Lakini leo haina mtu. Na nimeiosha."

Sasa, hakuwa amenidanganya. Aliniambia ni dereva, mimi ndiye sikuuliza anaendeshanga nini. Teksi zilikuwa pale zimejaa, nakubali, lakini mtu ameomba ruhusa kazini kwa ajili yako, utamwambia nini? Mama naye hakutaka kumwaibisha mtoto wa kaka yake, akapanda mbele, uso umekunjamana. Mbele kulikuwa na kiti kimoja tu cha abiria, kwa hivyo mimi nikaingia nyuma, kwenye ile meza ndefu ya chuma ya kuwekea jeneza, nikapanga masanduku pembeni, nikajinyoosha kidogo, na kwa vile nilikuwa nimeamka alfajiri, usingizi ukanibeba.

Yaliyotokea geti la kwanza la bandari nilisimuliwa baadaye. Mlinzi alikuwa bwana mmoja kutoka kijijini kwetu, akamtambua Mama mara moja, akaona gauni jeusi, akaona leso, akaona gari.

"Pole sana, Mama. Ni nani huyo?"

Mama anasema aliona aibu kueleza kwamba anaenda kustarehe na gari la namna hiyo, basi akajibu ukweli mtupu: "Ni kijana wangu, yuko hapo nyuma."

Mlinzi akavua kofia, akafungua geti, na tulipopita tu akapiga simu nyumbani.

Geti la pili ndipo walipokuwa watalii, foleni ndefu ya kofia na miwani ya jua iliyotuweka karibu saa nzima, na mlinzi wa huko hakuwa na huruma. Akataka kibali cha kusafirisha mwili. Shikuku akamwambia hakuna mwili. Mlinzi akafungua mlango wa nyuma, mwanga ukanipiga usoni, nikaketi wima nikauliza, "Tumefika?"

Yule bwana alikimbia akaacha kiatu. Mama mmoja wa kizungu aliketi chini palepale, wengine wakapiga makofi, nadhani walifikiri ni mchezo wa kuwakaribisha. Nikatambaa nje kwa magoti, shati limelowa jasho, na simu ikalia. Ni mke wangu.

"Wewe ni nani?" akauliza.

"Ni mimi."

"Mimi nani?"

Nyuma yake nilisikia vilio. Hema lilikuwa limeshasimamishwa uani, maji ya obusuma, ugali wetu, yako mekoni, na Baba Mdogo, ambaye hajawahi kuniamini, akachukua simu.

"Simu inaweza kushikwa na mtu yeyote," akasema. "Kama ni wewe, taja jina la ng'ombe wangu."

"Siasa," nikasema.

"Sisikii."

Nikapaza sauti. Mara tatu. Askari wawili wakaja kuniuliza mbona napigia siasa kelele getini. Mama ndiye aliyeninyang'anya simu.

"Yuko hai," akasema. "Hicho chakula mkile, kisiharibike." Kisha akachukua mkoba wake, akapanda meli bila kuniangalia, na hakunisemesha hadi kesho yake tulipoiona Zanzibar.

Tangu siku hiyo nikiulizwa kama nitajitafutia usafiri, nasema hapana kabla swali halijaisha, na nikiambiwa kuna basi, nauliza ni saa ngapi na nisimame wapi.

Niliporudi ofisini nilikuta wenzangu walishaandika rambirambi, saa moja tu ilikuwa imewatosha. Wakanipa karatasi kwa aibu kidogo. Walisema nilikuwa mchapakazi, mcheshi, mpenda watu. Halafu, mstari wa mwisho: "Alipenda kujipangia mambo yake mwenyewe, na hatukuweza kumzuia." Nilitafuta neno la kusahihisha, sikuliona.