Vituo vya Salamu kwenye Njia ya Runzewe

Karatasi ya njia wanayopewa waendesha baiskeli siku ya kwanza inasema kwamba siku ya tano, ambayo ndiyo ya mwisho, ina kilomita hamsini na nane, mito midogo saba na vituo kumi na kimoja vya salamu. Safari huanzia Kishapu, kwenye tambarare za pamba, ikapita kusini mwa migodi ya Bugarama, kisha ikaingia kwenye vilima vya mawe kuelekea Runzewe. Huko kila mto una mteremko wa kuufikia na mlima wa kuuacha. Wageni hulalamikia milima. Salamu huzisifu.

Aliyeichora njia hiyo ni Stanslaus Magesa, mwenye umri wa miaka hamsini na mitatu, mzaliwa wa kijiji kilicho nje kidogo ya Mhunze. Alibeba abiria kwa baiskeli mjini Shinyanga kwa miaka kumi na minne, hadi pikipiki zilipowamaliza wenye baiskeli. Baada ya hapo alisafirisha madumu ya maji kwa wachimbaji wadogo, madumu sita kwa safari moja, kutoka mtoni hadi kwenye maduara, mashimo yao ya dhahabu. Ndivyo alivyozijua njia za ng'ombe na vivuko vyote. Asteria, mwanamke wa Mwanza mwenye kampuni ndogo ya safari za baiskeli, alipomuuliza miaka saba iliyopita kama kuna njia ya kufika Runzewe bila kugusa lami, Stanslaus alichukua kijiti akamchorea chini.

Tangu hapo yeye ndiye huendesha mbele.

Vituo vya salamu havikuwamo katika mchoro wa kwanza. Viliingia mwaka juzi, baada ya mvua, goti lake la kulia lilipoanza kuvimba. Daktari wa zahanati alimwambia gegedu imelika, apunguze baiskeli. Nyumbani mkewe, Limi, humkanda kwa maji ya moto na chumvi na kumuuliza swali lilelile: utamwambia lini bosi wako? Stanslaus hujibu kwamba msimu ukiisha. Misimu miwili imeisha.

Alichofanya badala yake ni kuanza kusalimia. Salamu ya Kisukuma si jambo la kupunga mkono na kupita. Mtu hushuka kwenye baiskeli, huulizwa habari za alikotoka, za nyumbani, za ng'ombe na za mvua, huulizwa ni mtoto wa nani na wa ukoo gani, naye huuliza yote hayo kwa zamu yake. Kwa haraka ni dakika nne. Kwa adabu ni kumi. Dakika kumi zinatosha goti kuacha kuunguza. Stanslaus alichagua nyumba kumi na moja, kila moja ikiwa katikati ya mlima au kileleni, na wageni wakadhani wameongozwa na mtu muungwana kuliko wote mkoani. Asteria aliposoma barua zao aliviandika vituo kwenye karatasi ya njia.

Kuna jambo jingine ambalo barua hizo hazikuliona. Katika nyumba zote kumi na moja, hakuna hata moja yenye mzee. Waliomo ni watu wa umri wa Stanslaus au wadogo kwake, wa kusalimiana nao akiwa amesimama, mkono mmoja kwenye usukani. Mzee husalimiwa kwa kuchuchumaa, na kuchuchumaa ndiko goti lisikoweza.

Mwezi Julai mwaka huu Asteria alikuja mwenyewe. Hakuficha sababu. Safari mbili zilizopita kundi lilifika Runzewe jua limezama, na alitaka kuona kinachowachelewesha. Alikuja na Donatus, kijana wa Ngara mwenye miaka ishirini na sita, bingwa wa mashindano ya wilaya yao, na hakumwambia mtu kazi ya Donatus ni ipi. Hakukuwa na haja. Asubuhi ya siku ya tano, Abel, dereva wa gari la mizigo linalofuata kundi, alimwona Stanslaus akifunga kitambaa gotini chini ya suruali.

"Mzee mwenzangu, leo unapimwa," alisema. "Huyo mtoto ana miguu kama ya swala."

"Swala hajui njia."

"Atafundishwa."

Stanslaus alishusha mguu wa suruali, akapanda baiskeli.

Wageni walikuwa saba, wanne wa Dar es Salaam na watatu wa Uholanzi. Walivuka mto wa kwanza wakisukuma baiskeli kwenye mchanga, chini ya mlio wa makarasha yanayosaga mawe ya dhahabu upande wa pili wa kilima. Kituo cha kwanza kilikwenda vizuri. Cha pili pia. Rhoda, mhasibu wa benki kutoka Dar es Salaam, alikuwa ameshajua kusema *mwangaluka*, na wenye nyumba walicheka kwa furaha kila aliposema. Asteria aliangalia saa yake mara mbili, lakini alikuwa anatabasamu.

Kituo cha tatu ni nyumba ya Aneth, mwanamke wa miaka thelathini na kitu, nusu ya mlima baada ya mto wa pili. Mlima huo ni mbaya kuliko yote. Stanslaus alifika pale akiwa hahisi tena maumivu bali joto tu, kama mtu aliyeshikiwa kaa la moto nyuma ya goti. Alishuka. Aneth hakuwepo. Alikuwa amekwenda mnadani. Kwenye ngozi mbele ya mlango alikaa bibi kizee, kichwa kimefungwa kitenge, anachambua karanga.

Wangeweza kupita. Kwa kupunga mkono na samahani moja, wangepita. Lakini Stanslaus alikuwa ameshashuka, wageni saba walikuwa wameshashuka nyuma yake, na goti lilikataa kupanda tena. Akasalimia akiwa amesimama, akimwita mama kwa Kisukuma.

"Mwangaluka, mayu."

Bibi aliinua macho polepole. "Mwangaluka. Wewe ni mtoto wa nani, unayesalimia kama nguzo ya simu?"

Abel, aliyekuwa amesimamisha gari nyuma yao, alicheka kwa sauti. Donatus hakuelewa neno, akacheka naye.

"Wa Magesa," alisema Stanslaus. "Wa kule Mhunze."

"Magesa wa Mhunze yupi? Aliyemwoa Mageni?"

"Ndiye baba."

Bibi aliweka ungo wa karanga chini. Jina lake ni Sesilia, nyanya wa Aneth, naye pia alikuwa ametoka Kishapu, huko huko Mhunze, wiki ile kuja kumwona mjukuu. "Mageni tumecheza naye. Siku ya harusi yake mimi ndiye niliyemshika mkono. Na mtoto wake anasimama juu yangu, kashika baiskeli!"

Hapo hapakuwa na njia. Rafiki wa mama ni mama. Stanslaus alimpa Rhoda baiskeli aishike, akasogea, akachuchumaa mpaka chini, viganja vimekutana, kama alivyofundishwa akiwa na miaka mitano.

"Mhola?" aliuliza bibi, yaani ni salama?

"Mhola, mayu."

"Watoto?"

"Mhola."

"Ng'ombe?"

"Mhola."

Waholanzi walipiga picha. Bibi aliuliza habari za Mageni, akaambiwa amefariki miaka tisa iliyopita, akauliza nani alimzika na nani alikuwepo. Stanslaus alijibu yote. Jasho lilimtoka kwenye nywele likashuka hadi kidevuni, na Rhoda aliona kwamba lilizidi lile la mlimani.

"Haya, wabeja, asante, mwanangu. Nimefurahi. Simama, uende zako."

Hakusimama.

"Simama, nimesema. Au unataka karanga?"

"Naomba karanga, mayu," alisema Stanslaus.

Bibi akampa kiganja cha karanga. Akazila akiwa amechuchumaa, moja moja. Alipomaliza alijaribu kuinuka, akaanguka kwa upande, mkono chini, kimyakimya, kama gunia lililoegemezwa vibaya. Abel ndiye aliyefika kwanza. Akamwinua kwa makwapa hadi kwenye kigoda alichokileta bibi.

Asteria aliinama akapandisha mguu wa suruali. Kitambaa kilikuwa kimezama kwenye nyama, na goti lilikuwa na ukubwa wa tikiti dogo.

"Tangu lini?"

"Mwaka juzi."

"Mwaka juzi! Na hukuniambia?"

"Ungefanyaje?"

"Ningekuweka kwenye gari na Abel."

"Basi ndiyo sababu."

Asteria aliwatazama wageni waliokuwa wamejifanya kuangalia bonde. Kisha akamwita Donatus, akamwambia alete kalamu na karatasi ya njia.

Kwa nusu saa Stanslaus alikaa kwenye kigoda akiitoa njia yake. Alisema polepole, Donatus akiandika, karatasi juu ya goti lake zima. Mto wa tatu, usivukie kwenye alama za magurudumu ya magari, wachimbaji wamechimba chini ya mchanga na juu panaonekana pazima. Vukia kwenye alama za kwato za ng'ombe. Baada ya mti uliopigwa radi shika kushoto, ingawa kulia kunapendeza. Mto wa tano una maji ya kuoshea dhahabu, yenye zebaki, mtu asinawe uso. Alitaja hata jiwe moja lililolegea.

"Na vituo vya salamu?" aliuliza Donatus. "Vimebaki vinane. Nikifika nasemaje?"

"Vifute."

"Wageni wanavipenda," alisema Asteria.

"Nilikuwa napumzika," alisema Stanslaus. "Kila unapoona kituo, hapo nilikuwa napumzika. Vifute tu, mtawahi kufika."

Asteria alichukua kalamu kwa Donatus. Kisha akapiga mstari kwenye vituo, kimoja baada ya kingine.

Baiskeli ya Stanslaus ilipandishwa juu ya mabegi. Bibi Sesilia alimfungia karanga kwenye karatasi na kumwambia mtu mwenye mguu mbovu husema kwanza, halafu husalimia. Yeye angempa ruhusa ya kusalimia amesimama. Stanslaus alisema anajua. Akaingizwa kiti cha mbele.

"Miaka yote umebeba mizigo," alisema Abel akiwasha gari. "Karibu upande wa mizigo."

"Endesha, Abel."

Donatus aliongoza vizuri. Alivuka mto wa tatu kwenye kwato za ng'ombe, akashika kushoto kwenye mti wa radi, akapanda mlima bila kusimama. Nyuma yake kundi lilianza kukatika. Kutoka garini Stanslaus aliona pengo likikua kati ya baiskeli na baiskeli, vichwa vikishuka, Rhoda akiyumba. Baada ya mto wa nne, saa saba mchana, waendesha baiskeli wanne wa mwisho walishuka wenyewe, bila kuambiwa na mtu, mbele ya nyumba ambapo Stanslaus hajawahi kusimama, kwa sababu mwenye nyumba ni mzee. Asteria alikuwa mmoja wao.

Mzee alitoka uani na fimbo yake. Rhoda, akihema, alimwambia mwangaluka, salamu ya asubuhi. Mzee alijibu kwa adabu, akauliza kwa Kisukuma wametoka wapi, na ni watoto wa nani. Hakuna aliyeelewa. Mzee akauliza tena, kwa sauti ya juu zaidi. Asteria aligeuka akaliangalia gari.

Abel alizima injini. "Wanakusubiri."

Stanslaus aliushika mpini wa mlango. Alikaa hivyo, mkono mpinini, mguu umenyooka mbele yake. Kutoka pale hadi kwa mzee ni hatua ishirini, na mwisho wa hatua ishirini ni kuchuchumaa.

"Nenda wewe," alisema.

"Mimi? Mimi dereva."

"Wewe ni Msukuma wa Maswa. Unajua kuchuchumaa. Mwambie ni watu wangu, mimi Stanslaus wa Magesa, nimeshindwa kushuka. Kaa naye vizuri, usimharakishe."

Abel alimtazama, akafungua mlango wake, akashuka. Alipita katikati ya wageni, akachuchumaa mbele ya mzee, na sauti zikaanza, moja ikiuliza, nyingine ikijibu. Stanslaus aliachia mpini. Aliegemeza kichwa kwenye kioo na kufumba macho kabla hawajafika kwenye swali la ukoo.