Furushi la Udongo Mweusi

Tangu nyumba za watu wetu zianze kuchomwa, nilimshuku kila mtu, hata mama yangu mzazi. Babu aliletwa Kolwezi kutoka Kasai kuchimba shaba. Baba alizaliwa hapa, na mimi pia. Sasa kazi ya mgodi imekufa, mishahara hakuna, na wenyeji wameamua kwamba kisa ni sisi. Tukaambiwa turudi kwetu, mahali ambapo sikuwahi kupaona.

Asubuhi ya kuondoka, mama aliiacha sufuria yake kubwa akafunga furushi zito ndani ya kitenge. Nikajua kuna kitu anatuficha. Alipogeuka nililifungua, nikazamisha mkono mpaka chini. Udongo mweusi, basi. Nikalifunga tena kwa hasira.

Ulikuwa udongo wa bustani yake. Ardhi ya mtaani kwetu ni nyekundu; ukitupa majani juu yake, mvua chache tu na nguvu yake imekwisha. Mama alikuwa akibeba udongo wa kichuguu kwa beseni na kuuchanganya na maganda ya muhogo na majani ya maharage, mwaka baada ya mwaka. Alisema majani yakiachwa peke yake huoza yakaishia hewani, lakini udongo wa kichuguu huyashika yasiende. Mgodi ulipoacha kuwagawia wafanyakazi unga, bustani hiyo ndiyo iliyotulisha. Alitaka kuanza na udongo huo huko Kasai, kama mtu anavyobeba chachu.

Stesheni, vijana wenye marungu walikuwa wakipekua mizigo. Mmoja alitujia moja kwa moja, kama aliyeelekezwa. Nyuma yake alisimama jirani tuliyekuwa tukimpa mboga, naye akaangalia pembeni. Kikulacho ki nguoni mwako. Kijana alidai tumeiba madini meusi ya mgodi wa Mashamba, akafungua furushi, akachota, akanusa.

“Ni budongo tu,” mama alisema.

“Budongo ni ya huku. Itabakia.”

Mama hakupaza sauti. “Basi, mwana yangu, utenganishe. Ya kichuguu ni yenu, mubakie nayo. Ya majani ni yangu, unirudishie.”

Nilitegemea kijana atampiga. Badala yake aliutazama ule udongo kiganjani, akaufikicha kwa kidole gumba, akaufikicha tena. Kisha akaumwaga udongo wote wa furushi kwenye reli. Mama alipiga magoti akaukwangua kwa vidole, mpaka tukasukumwa ndani ya behewa.

Njiani mwanamke mmoja alitugawia ugali, akapitisha bakuli la maji ya kunawa. Tulikuwa hatujala tangu jana. Lilipomfikia mama, alitazama kucha zake, bado nyeusi kwa udongo wa bustani, akaingiza mikono ndani ya kitenge.

Alisema hana njaa.