Walezi wa Wazee, Simameni

Juzi barazani Amagoro, Bwana DO, mkuu wa tarafa, alikuwa akiwashukuru wafanyakazi wa eneo lake. Walimu walisimama, tukawapigia makofi. Manesi vilevile. Akina mama wanaotunza wazee kwenye nyumba ya misheni walikuwa hawajawahi kutajwa, kwa hiyo safari hii walimtuma mwenzao ofisini kuomba nao watambuliwe.

"Walezi wa wazee, simameni!"

Hakusimama mtu.

"Si ni wao walioomba?" DO akakunja uso. "Mbona hawakuja?"

Pale nyasini mama mmoja akainua mkono. Ule mwingine ulikuwa umeshika kichwa cha mzee aliyemwegemea kifuani, na wenzake kando yake walikuwa wameegemewa vivyo hivyo.

"Tuko, bwana. Tukisimama, hawa wataanguka."

DO akavua kofia. Tuliokaa vitini tukasimama sisi. Tangu Uhuru tumepata hodari wengi wa kusimama mbele yetu. Wa kuegemewa wamekaa chini.