Papai la Kashinje

Jua linalala Ziwa Tanganyika, upande wa Karema. Mimi mwenyewe nimelisikia likiingia majini: chiiii, kama jembe la mhunzi linapotumbukizwa kwenye ndoo. Siku hiyo dagaa waliiva humo humo ziwani, wavuvi wakawa wanachota na kula, wanakosa chumvi tu. Ndivyo nilivyomwambia mjukuu wangu Kashinje alipokuwa na miaka mitano, akacheka mpaka akajikojolea. Alipofika miaka ishirini na moja alikuja na daftari, akaniomba nimwambie tena polepole ili aandike. Sikujua kwamba anaandika ugonjwa ili baadaye alete dawa.

Kashinje ni binti wa mwanangu Ndaki. Sisi ni Wasukuma, tulikuja huku Mpanda na ng'ombe kutoka Maswa. Ng'ombe walikuwa wengi hata wa mbele walipokuwa wanakunywa maji Ugalla, wa nyuma walikuwa bado wanakamuliwa kwetu. Haya, walikuwa kumi na tisa. Ndaki aliuza wa mwisho akaenda machimboni Chunya, akasema atarudi baada ya mavuno. Hakusema mavuno ya mwaka gani. Mama wa mtoto akaolewa kwingine. Nikabaki na Kashinje hapa Ilembo, nikawa namwita mayu, yaani mama, kwa sababu jina lake ni la mama yangu mzazi.

Alikuwa mtoto wa kuuliza. Mvua ikija, wenzake wanakimbilia ndani, yeye anasimama barazani anahesabu, tangu radi imulike mpaka ingurume. Nilimwambia radi ni jogoo mwekundu anayepiga mbawa huko juu. Akakaa siku nzima anamwangalia jogoo wetu, kisha akaja kuniuliza mbona huyu akipiga mbawa hatoi moto. Nikamwambia wetu ni mvivu. Hakuridhika.

Alipochaguliwa chuo cha ualimu nilipiga vigelegele kama watu wote. Lakini moyoni nilikuwa na neno. Mwalimu akimaliza chuo anapangiwa kituo, na hapangiwi jikoni kwa bibi yake. Anapelekwa huko ambako basi linafika siku ya pili, tairi mbili zimebaki njiani. Ndaki aliondoka kwa miguu yake, huyu ataondoka na barua ya serikali. Ukiondokewa kwa barua huna hata wa kumlaumu.

Huko chuoni walikuwa na mkufunzi wa sayansi, Optatus, Mfipa mrefu mwenye pikipiki. Kila jioni Kashinje alikuwa anakuja na maneno yake. Huyo mkufunzi aliwafundisha namna ya kuwafundisha watoto wa shule ya msingi mambo ya kani, mwanga na dunia, kwa chupa, mpira wa baiskeli na chochote kilicho jikoni. Aliwakataza kuuliza darasa, "Mmeelewa?" Alisema Mtanzania hata umuulize akiwa ndani ya shimo atajibu ndiyo. Uliza, "Sehemu ipi bado?" Na usimwamini mdomo wake, mpe kitu akuonyeshe kwa mikono.

Kisha akawapa kazi ya nyumbani. Kabla ya kwenda mazoezi ya kufundisha, kila mmoja amfundishe mzee wa kwao ambaye hajakanyaga shule. Kwanza amuulize anajua nini, aandike. Halafu amfundishe. Mwisho yule mzee aweke dole gumba kwenye karatasi, palipoandikwa "nimeelewa" au palipoandikwa "sijaelewa".

Jirani yangu Mwanaiddi, mwenye duka la vitenge, alifundishwa na mpwa wake Bushra, aliyekuwa darasa moja na Kashinje, habari ya yai kuelea kwenye maji ya chumvi. Aliweka dole kwenye "nimeelewa" yai likiwa bado liko kwa kuku. Alikuwa anachelewa dukani. Nilimtania kwamba amehitimu kabla ya kuandikishwa. Akanijibu, "Wewe endelea kumsumbua mtoto wa watu, utakuja kujuta." Alikuwa anatania na yeye.

Somo langu lilikuwa usiku na mchana.

Kashinje alifunga mlango na dirisha, saa nane mchana, ndani kukawa giza. Akawasha tochi ya simu, akaiegemeza kwenye kigoda. Akatoa papai bichi, akalichoma spoki ya baiskeli katikati, juu mpaka chini. Halafu akachukua kipande cha ugali, akabandika punje ya mahindi ubavuni mwa papai.

"Hii punje ni wewe, bibi," alisema. "Hapa ndipo Ilembo."

Nilijiona, mdogo, wa njano, nimebandikwa kwa ugali. Akaanza kulizungusha papai taratibu kwa spoki. Punje ikapita kwenye mwanga, ikaanza kusogea pembeni, mwanga ukawa unailamba upande mmoja tu, akasema hapo ndipo jioni, hapo ndipo unaposema jua limeingia ziwani. Kisha punje ikaingia gizani. Tochi ilikuwa pale pale kwenye kigoda. Jua halikwenda popote. Aliyeondoka ni mimi.

Nilielewa. Nilielewa mpaka mwili ukanisisimka, nikashika ukuta maana nilihisi nyumba inakwenda. Miaka yangu yote, sijui sabini sijui themanini, nilikuwa napakiwa na kuzungushwa bila nauli na sijui. Na papo hapo nikaelewa na jambo la pili: huyu mtoto anajua kufundisha. Huyu watamchukua.

Akanipa papai na simu, akasema, "Haya, nionyeshe wewe."

Nikaliacha papai limesimama kama nguzo. Nikachukua simu, nikaizungusha kulizunguka papai, nikaipitisha chini ya kigoda, nikasema, chiiii.

Kashinje alicheka. Mara ile ya kwanza alicheka sana. Akaniuliza sehemu ipi bado, nikamwambia yote. Akafungua kidau cha wino na mimi nikaweka dole langu kwenye "sijaelewa". Akasema hakuna shida, mwalimu akishindwa njia moja anatafuta nyingine.

Wiki iliyofuata nikamtega. Nikamuuliza, kama dunia inazunguka, mbona maji ya mtungini hayamwagiki? Macho yakamng'aa, akasema hilo ni swali zuri kuliko maswali yote ya chuoni. Akanikumbusha tulivyopanda treni kwenda Kaliua. Treni ikienda sawasawa, bila kukurupuka, chai ndani ya kikombe inatulia, na ukifumba macho hujui kama unakwenda. "Chai yako ilimwagika, bibi?"

Nilikuwa nakumbuka vizuri. Haikumwagika hata tone. Nikamwambia chai ilimwagika yote, na kikombe kikaruka dirishani kikampiga ng'ombe wa watu pale Ugalla, na mpaka leo yule ng'ombe akikamuliwa anatoa maziwa yenye tangawizi. Safari hii alicheka kidogo. Nikaweka dole mahali pale pale.

Ya tatu ndiyo inayoniuma. Alisimika kijiti katikati ya uwanja. Ijumaa kutwa, kila saa alikuwa anaweka jiwe mahali kivuli cha kijiti kinapoishia, akitazama saa ya simu. Alitaka Jumamosi nione kivuli kikirudi kwenye mawe yale yale kwa saa zile zile, nijue kwamba dunia ina mwendo wake, haikimbii wala haichelewi. Jumamosi asubuhi akaenda bombani. Mimi nikatoka na ufagio, nikasogeza mawe matatu.

Aliporudi, saa nne ilipofika kivuli kikapita kando ya jiwe. Saa tano vilevile. Alipiga magoti. Akapima kwa kamba, akatazama simu, akapima tena. Hakuniangalia mimi hata mara moja. Alikuwa anajiuliza mwenyewe amekosea wapi, kwa sauti ndogo, na mimi nimekaa pale nachambua maharage. Ningeweza kusema. Mdomo huu ambao umewaivisha dagaa ziwani ulishindwa kusema neno moja la kweli.

Alileta karatasi yeye mwenyewe, akafungua wino. Nikaweka dole. Hakuniuliza sehemu ipi bado.

Jumatatu alimpa Bushra karatasi zote tatu ampelekee mkufunzi, yeye hakwenda chuo. Jumanne hakwenda. Nilipomuuliza alikuwa anaosha vyombo, akaendelea kuosha.

"Kama nimemshindwa aliyenilea," alisema, "watoto sabini wa watu nitawaweza?"

Nikamwambia apumzike, Mungu ana njia nyingi. Na niseme ukweli, nilifurahi. Usiku ule nilipika wali.

Baada ya siku kumi pikipiki ilisimama nje. Kashinje alikuwa shambani Kakese. Optatus alikaa kwenye kigoda kile kile, akanishika mkono kwa heshima, akasema amekuja kumtafuta mwanafunzi wake. Alisema darasa zima wameleta karatasi zenye dole kwenye "nimeelewa", shangazi na bibi zao wamewaonea huruma, yeye haamini hata moja.

"Ya Kashinje ndiyo pekee ninayoiamini," alisema. "Mtu anayemrudia mwanafunzi mmoja mara tatu, kila mara kwa njia nyingine, huyo ndiye mwalimu. Mwambie arudi, bibi. Sijamfelisha. Nilitaka asimame mbele awafundishe wenzake."

Nilimkaribisha karanga, nikamsimulia habari za ng'ombe wa Maswa mpaka akacheka. Akaondoka ananiamini.

Kashinje aliporudi aliona alama ya tairi, akauliza nani alikuja. Nikamwambia ni mkufunzi wake.

"Alisema nini?"

"Alipita kusalimia."

"Kusalimia tu?"

"Kusalimia tu, mayu."

Akaingia ndani. Madaftari yake akayafunga kwa kitambaa, akayaweka juu ya kabati, na hayajashuka.

Basi nilipata nilichotaka. Mwaka huu ni wa tatu na Kashinje yuko nyumbani. Analima mpunga Kakese, anachota maji, ananikanda mgongo kukiwa na baridi. Hajanijibu vibaya hata siku moja. Lakini radi ikipiga anaingia ndani kama watu wengine na kufunga mlango, hahesabu. Na juzi juzi, kwa kutaka tu kumchokoza, nilimwambia lile jua la Karema na dagaa wake. Zamani angeniwasha maswali mpaka nikimbie. Akasema, "Eeh, bibi." Nikaongeza kwamba na mimi nilikula wale dagaa. Akasema, "Eeh."

Mkufunzi alihamishwa mkoa mwingine. Bushra alimaliza chuo, na unajua walimpangia wapi? Kabungu. Hapo hapo Kabungu. Kila Jumamosi yuko kwa shangazi yake anakula pilau. Mimi nilikuwa naogopa basi la siku mbili, kumbe ni safari ya bodaboda.

Jumamosi moja Bushra alipita kwetu. Kashinje alikuwa anapepeta mpunga uwanjani. Bushra akamwambia, kwa nia njema kabisa, kwamba lile papai alilomsimulia chuoni analitumia darasa la nne, watoto wanagombania nani awe punje. Kashinje akatabasamu. Akasema, "Vizuri," akaendelea kupepeta, na mpunga wote alioumwaga pembeni ya ungo siku ile waliula kuku.

Jumapili yake nilikwenda gengeni nikanunua papai bichi. Spoki niliitoa juu ya kabati, ilikuwa imefungwa pamoja na madaftari. Nikafunga mlango na dirisha. Nikamwita, nikamwomba anisaidie kuwasha tochi ya simu. Aliwasha bila kuuliza.

Nikabandika punje kwa ugali. Nikamwambia hii ni mimi, hapa ndipo Ilembo. Safari hii tochi sikuigusa. Nilishika spoki, nikazungusha papai, nikamwambia huu ni mchana, hii ni jioni, sasa nimeingia gizani, na jua liko pale pale kwenye kigoda. Nikamwambia na chai ya kwenye treni haikumwagika. Papai likawa linacheza kama mlevi.

"Nani amekufundisha?" aliuliza.

"Wewe."

"Lini?"

"Siku ile ya kwanza."

Nikamwambia na habari ya mawe. Nikamwambia na aliyoyasema Optatus, neno kwa neno, nilikuwa sijasahau hata moja. Hakulia. Alilitazama papai. Kisha mkono wake ukaja wenyewe, ukashika spoki juu ya mkono wangu, ukaligeuza papai upande wa pili, maana nilikuwa nalizungusha kinyume. Alilizungusha mzunguko mmoja mzima, taratibu, kwa mkono uliotulia. Punje ikaingia gizani ikatoka. Halafu akaachia, akajifuta mkono kwenye kanga.

"Kwa nini, bibi?"

"Niliogopa watakupeleka mbali."

Nje tulimsikia Mwanaiddi akimfukuza mbuzi wa mtu.

"Sijaelewa," alisema.

Nilitaka kumuuliza swali lile alilokuwa ananiuliza yeye, sehemu ipi bado, lakini mwenye haki ya kuuliza hivyo ni mwalimu. Alifungua dirisha, mwanga ukaingia, tochi ikaonekana haina kazi. Akaizima. Akachukua jembe akaenda Kakese, na ilikuwa Jumapili.

Papai alilipika jioni na nazi. Punje aliitoa kwanza, akaiweka dirishani. Aliponipakulia alinipa sehemu kubwa, yenye tundu la spoki katikati, na mimi nikala.