Mstari wa Kiebrania wa Pasta Mulwa

Kitavi, mchapaji wa vijitabu vya ratiba za mazishi katikati ya jiji, alishinda asubuhi nzima akiilaani kompyuta yake kuukuu yenye mfumo mwepesi wa Linux. Nthenya, mjane wa Pasta Mulwa wa Uthiru, alitaka kijitabu kiwe na mstari wa Biblia aliopenda marehemu, kwa Kiebrania, lugha ambayo marehemu alijifunza peke yake. Kila herufi ilitokea kama kisanduku kitupu. Kitavi akaweka fonti, akaongeza kibodi ya Kiebrania, akabofya herufi moja moja akiliangalia daftari la marehemu.

"Iko sawa?" Nthenya akauliza.

"Sawa kabisa, Mama," akajibu, naye hajui hata herufi moja.

Kanisani, waumini waliutazama mstari ule kwa heshima. Mtu pekee aliyeweza kuusoma alikuwa ndani ya jeneza.