Karani Aliyeniambia Niende Ngumbaru

Baba yangu alikuwa fundi wa kuezeka nyasi, mama yangu mwuza vyungu. Wote wawili walizaliwa Maragoli, nami huko huko. Majina yao yabaki nyumbani. La karani pia silitaji, ingawa lake ningelipaza kwa furaha. Shule sikuiona. Andika hivyo hivyo, mjukuu wangu, usinipambe.

Kamati ya soko letu la Kayole iliamuru kila mwenye kibanda ajiandikishe upya kwa fomu ya mtandaoni. Ujumbe wa uthibitisho ungetumwa kwa simu. Asiyeujibu kufikia Ijumaa angenyang'anywa kibanda. Wangu haukuja. Nilimwendea karani, naye akanigeuzia kompyuta mbele ya foleni nzima.

"Shosho, hii ni namba ama ni mdudu? Ungeenda ngumbaru kwanza, ukafundishwe kusoma na watu wazima wenzako!"

Wanawake ninaouza nao mboga walicheka. Nikakitazama kioo cha kompyuta. Namba yangu naijua kwa umbo. Mahali pa alama ya kujumlisha inayoitangulia palikuwa na vijialama vitatu vigeni. Karani akaihifadhi tena kwa kishindo, vikawa vitano.

Nilikueleza jioni hiyo, wewe unayeandika programu kule Donholm. Ujanani nilifunga glasi kiwandani. Kila karatasi tuliyoizungusha tuliichorea mstari mmoja nje, ili mfunguaji ajue idadi. Nikakuambia: mashine ile hufunga namba mara mbili, hufungua mara moja, ndiyo maana vijialama vinabaki.

"Kukhu," ukasema, kama tunavyoita bibi kwetu, "umelipata kosa kabla sijalitafuta."

Kesho yake namba za wengine ziliharibika vilevile. Karani akasikia kuwa mjukuu wangu ni fundi wa programu, akakupigia: "Siste, rekebisha kimyakimya, wazee wa kamati wasijue." Ulitaka kukubali, kwa kuwa una moyo laini wa mama yako. Nilikukataza.

Ijumaa asubuhi uliketi mezani pa karani, foleni ikiwa imejaa, ukaondoa ule mstari wa programu uliofunga mara ya pili. Namba yangu ikatokea safi, simu ikalia. Nikajibu ujumbe kwa kidole changu, kisha nikamgeukia.

"Kosa lilikuwa la nani?"

"La mashine."

"Mashine ya nani?"

"Yetu… mama."

"Paza sauti. Wa nyuma hawajasikia."

Akapaza. Safari hii hawakunicheka mimi, walimcheka yeye.

Watu wa kanisani wananiambia nimsamehe. Bado. Wewe hifadhi programu ya zamani yenye kosa pamoja na hiyo uliyoirekebisha, usifute hata nukta. Akija kuomba radhi nikiwa nimeshazikwa, mpe chai, mpe na mkate, kisha umfungulie zote mbili asome.