Mahali pa Swila

Wewe cheka tu. Wajukuu zangu nao hucheka, halafu giza likiingia hawataki kwenda nje peke yao. Mimi nasema nilichokiona mchana, jua linawaka, sina homa wala njaa. Kama ni uongo, yule kipofu niliyemlisha miaka yote ile alipofushwa na nini?

Ilikuwa miaka ya hamsini, enzi za mkoloni. Mto Tana ulifurika ukameza mashamba yetu yote huku chini ya Garsen. Sisi Wapokomo maji yakija hatushindani nayo. Tunapakia watoto, kuku na mbegu kwenye mitumbwi, tunakimbilia kilimani. Waorma nao huja na ng'ombe wao. Na nyoka huja pia, maana hata wao hawataki kufa maji. Desturi ya kilima ni moja: aliyefika amefika. Humuulizi atokako, humfukuzi, humpigi. Nyoka hujikunja ukingoni, wewe unalala zako katikati, na maji yakipungua kila mmoja anarudi kwake. Nilizaliwa nikaikuta hivyo, na sijapata kusikia mtu aliyeumwa kilimani.

Mume wangu Jilo aliyajua hayo yote. Lakini alikuwa mjuaji, haambiliki. Tulichelewa kwa sababu yake, tukakuta pakavu pote pamejaa watu, isipokuwa mahali pamoja chini ya mti wa mkoma. Hapo alilala swila mweusi, mnene kama mkono wa mtu mzima, wa wale wanaotema mate. Jilo akataka kuweka gunia la mpunga wa mbegu papo hapo. Mavyaa, mama yake mzazi, akamwambia, "Mwanangu, gunia liache mtumbwini. Huyo katutangulia."

Jilo aliuchukua upondo wa kusukumia mtumbwi akampiga yule nyoka kiunoni kwanza, asiweze kwenda. Kisha akawa anampiga polepole, huku anacheka na kututazama, akidhani tutacheka naye. Hakuna aliyecheka. Akamtupa majini akiwa bado anajinyonganyonga.

Kesho yake alasiri akatokea mwanamke. Hapa nisikilize vizuri. Alikuja kwa miguu, kutoka upande wa maji ambako upondo haugusi chini, na kanga zake zilikuwa kavu. Mrefu, mweusi, mzuri kupita kiasi. Nikajua huyu si mwenzetu. Lakini ungesema nini? Aliyefika amefika. Watu wote walijivuta nyuma isipokuwa Jilo, ambaye akimwona mwanamke mzuri hujisahau. Alilivuta kando gunia lake mwenyewe akasema, "Karibu dada, keti hapa pakavu."

"Hapa palikuwa na nani?" akauliza.

"Palikuwa na nyoka tu. Nimeshamuua, usiogope."

Yule mwanamke akamwinamia kama anayetaka kumnong'oneza jambo. Akamtemea mate machoni. Jilo alianguka akipiga mayowe hata ng'ombe wakakurupuka. Mama mmoja wa Kiorma alileta maziwa, tukamwosha, tukamwosha tena, wapi. Yule mgeni alisimama pale pale akitutazama tunavyohangaika. Halafu akanigeukia mimi, bila hasira yoyote, akaniambia, "Dada, wangu mmemtupa majini. Wako nakuachia."

Akarudi alikotoka. Maji yakamfika kiunoni, mabegani, yakamfunika. Waliomwona walikuwa wengi, si mimi peke yangu.

Unadhani ile ilikuwa huruma? Nililima peke yangu, nilifukuza ndege mpungani peke yangu, na mume yupo, amekaa, anageuza kichwa kila jani likitikisika. Hayo niliyazoea. Sikuyazoea mafuriko. Kila tulipokimbilia kilimani, watu walitutenga, tukabaki ukingoni. Na nyoka walikuja. Walimpita kila mtu wakaenda kulala na Jilo, mmoja miguuni, mwingine kwapani, mwingine kajikunja kifuani kwake. Kuwapiga nani angethubutu? Aliganda hivyo mpaka maji yalipopungua. Nilimsikia kwa masikio yangu akiwaomba wamuume. Alilia kama mtoto, akiwaomba. Hawakumuuma hata mmoja. Alikufa mzee, kitandani, kwa kikohozi.

Sasa wewe, siku maji yakikufikisha mahali palipoinuka, ukamkuta kiumbe kajikunja pakavu, mwache. Tafuta kwingine. Ukikosa kabisa, simama. Miguu itauma, ndiyo, lakini simama. Mimi nimesimama kando ya mume wangu mafuriko mengi sana, kwa sababu nafasi yangu mkekani walikuwa wameshailalia wao.